Spishi 500 za furu katika miaka 15,000: mageuko yanawezaje kwenda kasi hivyo?

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa biolojia wa kidato cha sita, nalo kwa ufupi ni hili. Darasani amefundishwa kwamba spishi mpya huhitaji mamilioni ya miaka ili zitokee. Baadaye akasoma kwamba Ziwa Viktoria lilikauka mwishoni mwa zama za barafu, likajaa upya miaka ipatayo 15,000 iliyopita, na kwamba ndani yake zimepatikana spishi zipatazo 500 za samaki wadogo waitwao furu, ambao karibu wote hawaishi kwingineko. Anauliza: “Kati ya kauli hizi mbili, ipi ni ya uongo? Na kama zote ni za kweli, mbona kamongo, samaki mwenye mapafu wa ziwa hilo hilo, amebaki spishi moja?”

Hakuna iliyo ya uongo, ila ya kwanza imefupishwa mno. Mamilioni ya miaka ni kipimo cha baadhi ya kazi za mageuko, wala si sharti la kila kazi. Mageuko, kwa maana ambayo mtahini wako ataikubali, ni kubadilika kwa uwiano wa aleli (matoleo tofauti ya jeni moja) katika jamii ya viumbe kutoka kizazi hadi kizazi, na katika maana hiyo kinachohesabiwa ni vizazi, si miaka. Furu wengi huanza kuzaa wakiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, kwa hiyo miaka 15,000 kwao ni kama vizazi 15,000. Binadamu, tukikadiria miaka 25 kwa kizazi, angehitaji miaka 375,000 kuvipitia, ilhali visukuku (mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe) vya kale kabisa vinavyohesabiwa kuwa vya spishi yetu, vilivyopatikana Jebel Irhoud nchini Moroko, vina umri wa miaka ipatayo 300,000. Muda unaouona mfupi ukiutazama kwa macho ya binadamu si mfupi hata kidogo kwa samaki wa urefu wa kidole.

Hata hivyo hesabu ya vizazi peke yake haitoshi, na ndiyo sababu swali hili liliwasumbua wanasayansi kwa miaka mingi.

Tuanze na ushahidi wa kukauka, kwa kuwa wapo wanaoudhani ni dhana tu. Ziwa Viktoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake cha juu kabisa ni kama mita 80 tu. Tanganyika, kwa kulinganisha, inafika mita 1,470. Sehemu kubwa mno ya maji yanayoingia Viktoria, kama asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na yanayotoka hutoka zaidi kwa kugeuka mvuke kuliko kwa Mto Naili. Beseni pana na la kina kifupi linalotegemea mvua kwa kiasi hicho haliwezi kustahimili ukame wa karne nyingi. Mwaka 1996 kundi la wanajiolojia lililoongozwa na Thomas Johnson lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa sakafu ya ziwa: chini ya matope laini ya ziwa la leo walikuta tabaka gumu la udongo uliowahi kuwa nchi kavu, lenye mabaki ya mizizi na chavua ya nyasi, na mawimbi ya sauti waliyoyapeleka chini yalionyesha tabaka hilo likiendelea hadi katika sehemu za kina kirefu zaidi. Ng’ombe wangeweza kulishwa mahali ambapo leo wavuvi hutega sangara. Upo mjadala kuhusu iwapo yalibaki madimbwi na vinamasi hapa na pale, lakini ziwa lenyewe, lenye maji mengi, mawe, kina na uwazi, halikuwapo.

Sasa tazama ugumu wenyewe. Malighafi ya mageuko ni tofauti za kurithiwa, na tofauti hizo mwanzo wake ni mabadiliko ya nasibu katika DNA. Mabadiliko hayo hutokea kwa nadra sana katika kila nukta ya DNA, na mengi hayana faida. Ingekuwa furu wa kwanza walioingia ziwani ni kikundi kidogo cha ndugu wanaofanana, kisha tusubiri DNA yao izalishe, kutoka mwanzo kabisa, mabadiliko yanayohitajika kwa taya la kuvunja konokono, meno ya kukwangua mwani, mdomo wa kunasa samaki wengine, na jicho la kuonea gizani, vizazi 15,000 visingetosha kwa spishi 500. Mwalimu wako, akisema mamilioni, anafikiria mchakato huu, naye kwa huo hakukosea.

Lakini furu hawakuanza mikono mitupu. Uchunguzi wa jenomu (yaani DNA yote ya kiumbe) uliochapishwa mwaka 2017 na kundi la Joana Meier na Ole Seehausen ulionyesha kwamba furu wote wa kanda hii, yaani wa Viktoria pamoja na jamaa zao wa maziwa ya Edward, George, Albert na Kivu, ni wazao wa uchotara. Koo mbili za samaki, moja ya mito ya Kongo na nyingine ya Naili ya juu, zilizokuwa zimetengana kwa muda mrefu sana, zilikutana na kuzaliana miaka kama 150,000 iliyopita. Kila ukoo ulikuwa umejikusanyia aleli zake kwa muda huo mrefu, na uteuzi asilia ulikuwa umekwisha kuzipima katika mito yake. Walipochanganyika, wazao wao walipata hazina ya aleli za pande zote mbili. Ziwa lilipojaa upya mwishoni mwa zama za barafu, wazao wa hazina hiyo walioishi katika mito na madimbwi ya kanda hii ndio walioliingia, tena wakichanganyika upya.

Mwenye karata za seti mbili akizichanga pamoja hupata mikono ambayo hakuna aliyewahi kuishika, ingawa hakuchapisha karata hata moja mpya. Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe. Chukua jeni kumi zinazorithiwa bila kufungamana, kila moja ikiwa na aleli mbili tu. Kila jeni inaruhusu jenotipu tatu, yaani namna tatu za kurithi aleli hizo kwa jozi, hivyo kumi kwa pamoja zinaruhusu tatu kwa kipeo cha kumi, yaani jenotipu 59,049. Aleli ni za kale. Mpya ni namna zilivyokaa pamoja. Hapa ndipo kauli zako mbili zinapopatana: mamilioni ya miaka yalitumika kweli, ila sehemu kubwa ya muda huo ilikwisha kutumika kabla ziwa halijakuwapo.

Naomba hapa nikutahadharishe juu ya kosa ambalo limejaa katika majibu ya mitihani. Wanafunzi huandika kwamba “furu walihitaji kula konokono, ndipo wakaota taya gumu.” Hakuna samaki aliyeota kitu kwa kukihitaji. Miongoni mwa furu wengi wenye mataya ya unene mbalimbali, wale waliozaliwa na mataya manene kidogo waliweza kula konokono mahali ambapo konokono walikuwa wengi, wakashiba, wakazaa zaidi, na watoto wao wakarithi unene huo. Mpangilio huo wa sababu ukigeuzwa, jibu zima huwa limepotea.

Tukiachana na hazina ya jeni, bado tunapaswa kueleza kilichozigawa jamii zikawa spishi, kwa sababu mchanganyiko wa aleli pekee ungeweza kutoa spishi moja tu yenye sura nyingi. Hapa kisa ninachokipenda kuliko vyote kiko karibu na mdomo wa Ghuba ya Mwanza, kwenye kisiwa cha mawe cha Makobe. Huko wanaishi furu wawili wa karibu sana: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la kijivu na buluu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Majike ya spishi hizo mbili yana rangi hafifu na yanafanana kiasi cha kumchanganya hata mvuvi mzoefu. Wa buluu hukaa zaidi karibu na uso wa maji, na mwekundu hukaa chini zaidi.

Maji ya Viktoria huchuja mwanga. Kadiri unavyoshuka, mwanga wa buluu hupungua haraka na kinachobaki huelekea uchungwa na wekundu. Katika jicho la samaki kuna protini ziitwazo opsini, na mojawapo hunasa mwanga wenye mawimbi marefu. Kundi la Seehausen lilionyesha mwaka 2008 kwamba jeni ya opsini hiyo ina aleli mbili kuu kwa furu hawa: moja hutoa protini inayonasa vizuri zaidi mwanga wa takriban nanomita 544, na nyingine ule wa nanomita 559, yaani ulioelekea wekundu zaidi. Pale Makobe, wa juu wana aleli ya kwanza na wa chini wana ya pili. Jike lenye jicho linaloona wekundu vizuri huliona dume jekundu likiwaka mbele ya mawe, na huzaa nalo. Jike la juu huvutwa na la buluu. Uteuzi asilia umelirekebisha jicho kulingana na kina, na jicho limeelekeza uchaguzi wa mwenzi. Mambo mawili ambayo vitabu huyaweka katika sura tofauti hapa yamefungwa katika jeni moja. Na ule uchunguzi wa mwaka 2017 ukaongeza kwamba aleli hizo mbili zinalingana na zile za koo mbili za awali, kila moja na upande wake. Jicho la Makobe ni la kale kuliko Makobe.

Pengine utauliza iwapo viumbe wanaotofautishwa na rangi na aleli chache wanastahili kuitwa spishi. Ni swali zuri, na jibu langu ni ndiyo, pamoja na onyo. Maabara ilipowashiwa mwanga wa kawaida, majike yalichagua madume ya spishi yao. Ilipowashiwa mwanga wa rangi ya chungwa pekee, uliofuta tofauti ya wekundu na buluu, uchaguzi ule ulitoweka. Machotara wao huishi na huzaa bila shida. Katika visiwa vya ndani ya ghuba, ambako maji yamejaa tope na mwani, watafiti walikuta samaki wa rangi za katikati, dalili ya kwamba spishi mbili zinayeyuka kuwa moja. Kwa mujibu wa fasili ya spishi inayotegemea kutozaliana, wale wa Makobe wanafaulu kwa kuwa wanaishi pamoja bila kuchanganyika, lakini kizuizi chao kinategemea uwazi wa maji, si ugumba wa watoto. Spishi changa aghalabu huwa hivyo. Ugumba wa machotara huja baadaye, baada ya koo mbili kujikusanyia tofauti zisizopatana, na huo kwa kawaida huchukua mamia ya maelfu au mamilioni ya miaka. Kwa hiyo ukiona vitabu viwili vinatoa muda tofauti wa “kutokea kwa spishi,” angalia kwanza vinapima hatua gani: kuacha kuzaliana, au kushindwa kuzaliana.

Kasi ya mageuko haikukoma ziwa lilipojaa. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na katika miaka ya 1980 idadi yake ililipuka. Makadirio ya watafiti ni kwamba spishi kama 200 za furu zilitoweka, na kuvurugika kwa maji kulichangia. Baadhi ya waliosalia wamebadilika maumbile. Haplochromis pyrrhocephalus, furu mdogo mla planktoni (viumbe vidogo sana vinavyoelea majini), alichunguzwa na Frans Witte na wenzake kwa kulinganisha vielelezo vilivyohifadhiwa kabla ya sangara kuenea na vile vilivyovuliwa miongo miwili baadaye: matamvua yamekuwa makubwa zaidi, jambo linaloendana na maji yenye oksijeni kidogo, na jicho limekuwa dogo.

Lakini tofauti ya umbo si lazima iwe ya kurithiwa, na hapa Astatoreochromis alluaudi anatufundisha tahadhari. Furu huyu huvunja konokono kwa taya la pili lililo kooni. Mataya hayo ya koo ni sifa ya jamii yake yote, nayo huuacha mdomo wa mbele huru kujifunza kazi nyingine. Alijaribiwa mabwawani kupunguza konokono wanaoeneza kichocho, na mradi haukufanikiwa kama ilivyotarajiwa, kwa sababu samaki waliokulia kwenye chakula laini walikuza taya la koo jembamba lenye meno madogo, wakawa hawavunji konokono tena. Jeni zilikuwa zile zile; malezi ndiyo yaliyobadilika. Kwa hiyo kabla ya kusema jamii fulani imegeuka, mtafiti hulea vizazi vya pande zote mbili katika mazingira yale yale na kuona iwapo tofauti inabaki.

Ni kazi gani, basi, inayohitaji mamilioni? Furu wote 500, wawe wala mwani, wala konokono, wawindaji, au wale wenye tabia ya kustaajabisha ya kumnyonya jike mwenzao mdomoni hadi ateme mayai na watoto anaowatunza humo, ni samaki wa muundo mmoja. Mifupa ni ile ile, mapezi yako mahali pale pale, kila kiungo kimerefushwa, kimefupishwa au kimenenepeshwa tu. Kupata muundo wenyewe ni habari nyingine. Dalili za uhai duniani zina umri wa angalau miaka bilioni 3.5, na kwa sehemu kubwa ya muda huo viumbe vyote vilikuwa vidogo, vya seli moja moja. Makundi makubwa ya wanyama yanajitokeza kwa wingi katika visukuku vya kipindi cha Kambria, kilichoanza takriban miaka milioni 539 iliyopita. Kutoka samaki wenye mapezi ya nyama hadi wanyama wa miguu minne wenye uwezo wa kutembea nchi kavu, visukuku vinaonyesha hatua zilizoenea katika makumi ya mamilioni ya miaka. Mabadiliko ya aina hiyo hayapatikani kwa kuchanganya aleli mbili tatu za jicho na taya. Yanahitaji mabadiliko mengi mapya, mengine yakitegemea yaliyotangulia.

Sasa kamongo. Ukoo wa samaki wenye mapafu ulikuwapo zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na leo umebakiwa na spishi sita duniani kote: nne Afrika, moja Amerika Kusini na moja Australia. Aliyemo Viktoria ni Protopterus aethiopicus, na yumo pia katika maziwa na mito mingine ya kanda. Ziwa lilipojaa, furu hawakuwa peke yao. Nare Ngoepe na wenzake walichambua maelfu ya visukuku vya meno na mabaki mengine madogo ya samaki kutoka katika mashapo ya ziwa, na matokeo yao ya mwaka 2023 yanaonyesha kwamba samaki wa makundi mengine walifika wakati ule ule. Nafasi ilikuwa ya wote. Waliotofautiana ni samaki wenyewe.

Kamongo hupumua hewa, hula karibu chochote anachoweza kukiponda, huvumilia vinamasi na hujizika katika tope ziwa la pembezoni likikauka. Mnyama anayeweza kuishi kila mahali hulazimika kidogo mno kubobea mahali pamoja, na anayehama kirahisi huendelea kuchanganya jeni zake na za wenzake wa mbali. Furu wa mawe ni kinyume chake. Jike hulea mayai machache mdomoni kwa wiki mbili tatu, kisha huwaachia watoto mawe yale yale alikozaliwa; eneo la mchanga au maji ya kina kati ya visiwa viwili ni mpaka ambao wengi hawauvuki. Ongeza mataya mawili yanayogawana kazi, ongeza madume yenye rangi na majike yenye kuchagua, ongeza hazina ya aleli iliyotokana na uchotara, nawe una masharti ambayo kamongo hana hata moja. Hata ndani ya jamii pana ya furu si wote waliofanya hivyo: ngege na mbiru, ambao ni jamaa wa sato wa asili ya ziwa hili, nao hulea mdomoni na wana taya la kooni, ilhali wamebaki spishi mbili tu. Ndiyo maana watafiti hawakubali tena maelezo ya sababu moja, iwe ni ziwa jipya, taya la koo au malezi ya mdomoni. Kila sababu hiyo, ikiwa peke yake, ina samaki fulani Viktoria aliyekuwa nayo na hakuzaa spishi nyingi.